Nyota 4 kwa kliniki ya magonjwa ya ulaji London: walipima na akili inavyofanya kazi, sio mizani tu

Naandika hii kwa wazazi na walezi wenzangu Waswahili mlioko Uingereza, haswa nyie mnaoishi na kijana aliyepunguza kula mpaka mnaogopa na kila mkisema mnaambiwa ni utoto tu utaisha. Ninayoipa nyota 4 kati ya 5 ni kliniki moja ya NHS, yani huduma ya afya ya serikali, hapa London inayotibu magonjwa ya ulaji, ya wagonjwa wa nje, yani hulazwi, unaenda kwa apointimenti unarudi kwako. Jina la kliniki siweki kwasababu mwanetu bado anahudhuria, ameniruhusu kuandika kwa sharti hilo na sharti la pili kwamba nisitaje kilo. Kwaiyo humu hamtaona namba ya kilo hata moja na naomba kwenye majibu yenu pia msiweke, kuna watu wanasoma hapa ambao hizo namba zinawarudisha nyuma kabisa.

Mwanetu ni binti wa dada yangu, mi ni mama yake mdogo, ana miaka 19 na anakaa kwangu tangu alipokuja kusoma. Ugonjwa wake ni anoreksia, ule wa mtu kujinyima chakula mpaka mwili unadhoofika. Kwetu Tanga ukisema mtoto hali, watu watakuuliza ana minyoo? ana vidonda vya tumbo? kapenda mtu? kuna mtu kamfanyia kitu? Anoreksia haimo kwenye orodha. Na mtoto mwenyewe ndo anazidi kuwachanganya, manake anaamka alfajiri anasali, anasoma, anapata maksi za juu, chumba kimepangwa, nguo zimepigwa pasi, sasa nani atasema huyo ni mgonjwa?

Hizo maksi ndo nataka tuzizungumze, kwasababu zilitupotezea muda mrefu. Kabla ya kliniki hii tulipitia sehemu nyingine ambayo siitaji. Aliyetupokea kule alimuuliza mambo ya chuo, mtoto akajibu vizuri, Kiingereza kimenyooka, akajazishwa fomu ya maswali, fomu ikatoa alama za chini, tukaambiwa hali sio mbaya, turudi nyumbani tuangalie. Nilitoka pale kichwa kinaniuma. Mi nyumbani naona kitu kingine kabisa, naona mtu anasimama mbele ya friji la supamaketi nusu saa kwa ajili ya yogati moja, anasoma kibandiko cha nyuma, anairudisha, anachukua nyingine, anarudia ile ya kwanza, ukimwambia mama twende duka linafungwa anaanza kutetemeka machozi yanamtoka. Na wiki hiyo hiyo kapata A ya kemia! Kwaiyo mtu akiniambia "mbona anafanya vizuri darasani" naona ananionyesha kabisa kwamba hajui anachokiangalia.

Kliniki hii ya sasa tulipelekwa na rufaa ya GP, yani daktari wetu wa mtaani. Siku ya kwanza walianza na mwili, na walianza nao kwa umakini. Damu, presha akiwa amelala alafu akiwa amesimama, kipimo cha moyo cha kubandikwa nyaya, joto la mwili, alafu nesi akamwambia achuchumae ainuke bila kushika kitu. Mi nikashangaa kuchuchumaa kuna nini tena. Nesi akanieleza taratibu kwamba mwili ukikosa chakula muda mrefu unaanza kula misuli yake wenyewe, mtu anafika mahali hawezi kuinuka mpaka ajisukume kwa mikono, na hiyo inawaambia kitu ambacho mizani haisemi. Pia wanaangalia madini ya potasiamu na fosfeti kwenye damu manake zikishuka moyo unaweza kukorofisha hata kama mtu kwa macho anaonekana yuko sawa, na fosfeti haswa inaweza kuporomoka pale mtu aliyekaa na njaa muda mrefu anapoanza kulishwa kwa haraka, kwaiyo jamani msije mkamkamata mtoto mkamshindilia chakula nyumbani bila daktari kujua. Kwenye mizani walimpandisha kinyumenyume, mgongo kwenye namba, asione. Hapo tu nilianza kupata imani.

Ila kilichonifanya niandike review ndefu hivi ni mwanasaikolojia wao. Yule mama aliposikia habari ya yogati hakuishia kuandika tu, alisema nataka nione akili yake inavyohama kutoka jambo moja kwenda jingine. Akampa vipimo, na baadae kwenye kikao cha majibu, kwa ruhusa ya mwanetu, akatuonyesha karatasi zenyewe.

Cha kwanza ni mchoro. Unaitwa mchoro wa Rey, kwa jina la mwanasaikolojia André Rey aliyeutunga mwaka 1941, ni mstatili mkubwa ambao ndani na nje umejaa mistari, misalaba, pembetatu na kaduara kenye nukta tatu. Unaambiwa uunakili huku unauangalia, alafu baadae wanauondoa unauchora kwa kukumbuka. Mtu mwingine angeanza na ule mstatili mkubwa alafu ajaze vitu ndani yake. Mwanetu alianza na nukta tatu za kaduara. Akaenda kwenye vimistari vidogo vya pembeni, akavihesabu visipungue, akafuta kimoja akakirudia kwasababu kilikuwa kirefu kidogo kuliko wenzake, na ule mstatili ambao ndo umbo lenyewe akaja kuupata mwishoni kwa kuunganisha vipande. Nakala yake nilivyoiona nzuri mno, ungesema bora ya darasa zima. Sasa ile ya pili, ya kukumbuka... vipande vinaelea kwenye karatasi, nukta tatu zipo, kaduara kapo, mstatili haupo kabisa. Niliangalia ile karatasi nikamwona mtoto wangu mbele ya friji la supamaketi.

Cha pili kilikuwa cha kadi, wanafanyia kwenye kompyuta. Kuna kadi nne juu, unapewa kadi moja moja uamue inaenda na ipi, hakuna anayekwambia upange kwa rangi au kwa umbo au kwa idadi, unajibiwa tu sawa au sio sawa. Ukishapatia mara 10 mfululizo wanageuza sheria bila kukwambia. Mwanetu sheria ya kwanza, ya rangi, aliikamata mapema sana. Ilipogeuka akabaki kwenye rangi. Sio sawa. Rangi tena. Sio sawa. Rangi tena. Mwanasaikolojia alipomuuliza alikuwa anawaza nini akasema, "Nilijua sio sawa, ila niliona nikiacha ndo nitaharibu zaidi." Mi na mume wangu tukaangaliana, manake hiyo sentensi ni ugonjwa wake mzima, anajua kula hivo kunamuumiza ila anaona akiacha ndo kila kitu kitaharibika.

Wataalamu wanasema mambo haya mawili, kushindwa kugeuza mawazo haraka na kuzama kwenye vitu vidogo mpaka picha nzima inapotea, yanaonekana kwa wengi wenye anoreksia, kwa wastani lakini, sio kila mmoja. Kwa wengine yanabaki hata baada ya uzito kurudi, na kuna tafiti zimekuta hata ndugu wa kike wa wagonjwa, ambao wenyewe hawaumwi, nao wana ugumu kidogo wa kugeuza mawazo. Kwaiyo sehemu nyingine huenda mtu anazaliwa nayo, njaa inakuja kuizidisha. Kwangu mimi hii ilikuwa nafuu kubwa sana kuisikia, manake kwenye familia zetu neno lililokuwa linatumika ni ukaidi, kiburi, kudeka. Mtoto aliyeambiwa mara mia ana kiburi anakuja kuonyeshwa kwenye karatasi kwamba kuna kitu kwenye namna yake ya kufikiri kinakwama na kinaweza kufanyiwa mazoezi, alilia siku ile lakini kilio kingine, sio kile cha dukani.

Nikauliza swali ambalo najua na nyie mtauliza. Sasa akifanya vibaya kwenye kadi ndo ina maana ugonjwa wake ni mkali zaidi? Jibu ni hapana, na hapa naomba msome taratibu. Tafiti nyingi zilizojaribu kuunganisha matokeo ya vipimo vya akili na ukali wa dalili zimekuta uhusiano mdogo au haueleweki, leo upo kesho haupo. Mtu anaweza kufaulu vipimo vyote na yuko hatarini, mwingine akafeli kadi na dalili zake ni za kiasi. Vipimo vinakwambia akili yake inakwama wapi ili ujue umsaidie vipi, ukali wa ugonjwa unautafuta sehemu nyingine, kwenye damu, moyo, kasi anayopungua, anavyoishi siku yake, hofu inayomshika mezani. Na ubongo wenyewe kwenye picha unasinyaa kweli wakati wa njaa, ila utafiti mkubwa wa kimataifa uliotoka 2022 ulionyesha kwamba kwa ambao walishaanza kurudisha uzito upungufu huo ni mdogo zaidi, yani chakula ndo dawa ya kwanza ya ubongo, hayo mazoezi mengine yanafuata.

Mwanasaikolojia alitusimulia pia habari ya Minnesota, Marekani, nikaenda kuisoma mwenyewe. Mwisho wa vita vya pili vya dunia, kuanzia Novemba 1944, mtafiti anaitwa Ancel Keys alichukua wanaume 36 vijana wenye afya, waliokataa kupigana vita kwa imani zao na wakajitolea, akawapunguzia chakula kwa wiki 24 ili wajue namna ya kuwasaidia watu waliokuwa wanakufa njaa Ulaya. Wanaume wazima, hawana ugonjwa wowote wa ulaji, wakaanza kukusanya mapishi, kusoma vitabu vya upishi usiku, kuota chakula, kulamba sahani, kukaa na sahani moja masaa, kukasirika ovyo, kujitenga. Wakasema hawawezi kutuliza akili, hawaelewi wanachosoma, maamuzi yao yamekuwa mabovu. Na hapa ndo nilipigwa na butwaa, walipopewa mitihani ya akili matokeo hayakushuka kihivyo! Wao ndani wanajiona wanazama, karatasi inasema wako salama. Sasa niambieni A ya kemia inathibitisha nini?

Na ule upishi jamani. Mwanetu alikuwa anatupikia. Anapika chapati za maji na za kusukuma, pilau, mkate wa mofa, anaangalia video za mapishi mpaka saa nane usiku, anatupakulia, anakaa anatuangalia tunavyokula, anauliza chumvi imetosha? Majirani wananiambia una bahati na huyo binti. Kumbe ni njaa ile, njaa ile ile ya wale wanaume wa Minnesota. Kama una kijana nyumbani anapikia watu wote na yeye ana sababu kila siku ya kutokula, usimsifie ukaishia hapo.

Ile fomu ya kule mwanzo nayo nikaja kuielewa. Ni dodoso linalotumika dunia nzima, lina maswali 28 kuhusu siku 28 zilizopita, mengi unajibu kwa alama 0 mpaka 6, na sehemu kubwa linauliza kama unaogopa kunenepa, kama unajiona mnene, kama uzito unaathiri unavyojiona. Ni kipimo kizuri kwa anayeumwa kwa namna hiyo. Mwanetu hajawahi kusema anaogopa kunenepa. Yeye alianza na funga, akafunga Ramadhani, akaunga sita, akaendelea Jumatatu na Alhamisi, akaendelea mpaka tukashindwa kujua ni funga au ni nini, ukimuuliza anasema tumbo linajaa, akila anajisikia mzito, akiwa hajala anajisikia msafi. Kwaiyo kwenye kuogopa unene anaweka 0, 0, 1, alama zinatoka ndogo, anaambiwa hali sio mbaya. Mwanasaikolojia wa kliniki hii alikuwa analijua hili, akatuambia Ghana kuna utafiti ulichapishwa 2004 wa wasichana wa sekondari, wakakuta walionyima miili yao chakula kwa sababu za dini na kujitawala nafsi, bila kutaja unene kabisa. Hakumwambia mtoto kwamba funga yake ni uongo, wala hakuidharau dini. Aliandika kwenye faili kwamba alama za dodoso kwa mgonjwa huyu zinaonyesha pungufu ya hali halisi. Sentensi hiyo moja ndo ilitupatia matibabu ya haraka.

Matibabu yenyewe sasa. La msingi alilopewa linaitwa MANTRA, ni mojawapo ya tiba zinazopendekezwa kwenye mwongozo wa taifa wa 2017 kwa watu wazima wenye anoreksia, vikao kama 20, kuna daftari la kazi mnalofuata na therapisti, linagusa namna ya kufikiri, hisia, faida ambazo mgonjwa anaona ugonjwa unampa, na sisi watu wa nyumbani tunavyochangia bila kujua. Pembeni yake akawekewa mazoezi ya akili yaliyotengenezwa hapa hapa London, King's College na hospitali ya Maudsley, na Profesa Kate Tchanturia na wenzake. Kwa kawaida ni vikao 8 mpaka 10 na uzuri wake ni kwamba humo ndani hakuna kuongelea chakula wala uzito. Hakuna kabisa. Mtoto ambaye kwa miezi kila mtu anamuongelesha sahani tu, anapata saa moja ya wiki anacheza na mawazo yake, anaulizwa unafikirije, sio umekula nini.

Mazoezi yenyewe ukiyaona utasema ni mchezo wa watoto. Picha moja inayoonekana vitu viwili tofauti ukiigeuza macho. Kumwelekeza mwenzako achore umbo kwa maneno tu bila yeye kuliona. Ramani, utoke hapa ufike pale kwa njia tatu tofauti. Barua ndefu sana unaambiwa uifupishe iwe meseji ya simu. Hilo la barua lilimshinda kabisa, kila sentensi aliona ni muhimu, akiondoa moja anaona amemkosea aliyeandika. Basi nyumbani tukalifanya letu, bibi yake akituma voice note kutoka Tanga, na mnajua bibi zetu wakianza, salamu za mtaa mzima, nani kaoa, nani kafiwa, mbuzi wa fulani kaingia shamba la fulani, bei ya nazi, mvua, kanzu ya babu, dua mpaka mwisho, mwanetu anatakiwa aniambie mimi kwa sentensi mbili bibi kasema nini. Mara ya kwanza alinirudishia voice note nzima kwa mdomo wake! Siku hizi anasema, "Bibi hajambo, anataka hela ya kufunika bati jikoni." Imeisha hiyo. Mnaweza kuona ni jambo dogo ila ni misuli ile ile inayomwezesha kuangalia sahani akaona chakula cha mchana badala ya vipande vya kuhesabu.

Na kila wiki anapewa kajambo kamoja ka kubadilisha nyumbani kasikohusu chakula. Kaa kiti kingine. Shuka kituo cha basi cha kabla. Vaa hijabu kwa mtindo mwingine. Alianza na kiti na alisumbuka nacho kuliko nilivyotegemea.

Sifa moja kubwa ya huyu mwanasaikolojia, hakutuuzia maneno. Alisema wazi kwamba kuhusu mazoezi haya ushahidi umechanganyika, wagonjwa wengi wanayapenda na yanawasaidia wasikimbie matibabu, ila tafiti hazijaonyesha kwa uhakika kwamba yenyewe peke yake yanarudisha uzito au yanaondoa dalili. Kwaiyo mtu akikwambia ana programu ya simu ya mazoezi ya ubongo inayotibu anoreksia ulipie, tunza pesa yako.

Upande wa Ramadhani pia walitushangaza, kwa uzuri. Wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama therapisti alituuliza tunataka tufanyeje. Quran inamruhusu mgonjwa asifunge, iko kwenye Suratul Baqara, hilo tunalijua wote, ila kijana mwenye akili iliyokwama kwenye sheria moja anaona ruhusa ni ya wengine sio ya kwake. Tulikaa, mwanetu, mi, mume wangu na sheikh wa msikiti wetu kwenye simu, sheikh akamwambia kufunga kwako mwaka huu ni kula dawa yako na dawa yako ni chakula, badala yake lisha maskini. Therapisti alisikiliza mpaka mwisho akauliza maswali mawili matatu ya heshima akayaweka kwenye mpango. Sijui kliniki ngapi zingefanya hivo.

Kuna na mafunzo ya jioni kwa ndugu, mnakaa wazazi na walezi mnafundishwa namna ya kukaa mezani na mgonjwa. Wanatumia wanyama, kifaru ni yule anayesukuma kwa hasira kula kula kula, kangaroo ni yule anayembeba mtoto kwenye mfuko asiguswe na chochote, mbuni anaficha kichwa mchangani. Walivyotaja kifaru familia yetu nzima tulimfikiria mtu mmoja. Hapo nilikaa na mama mmoja wa Kinaijeria, kijana wake wa kiume anabugia chakula kwa wingi bila kuweza kujizuia alafu anajitapisha, bulimia, na yeye hali yake kiakili ni nyingine kabisa, tatizo sio kukwama kwenye sheria, kwake breki ndo inagoma, haswa akiwa na huzuni. Ukali wake nao wanauhesabu tofauti, kwa idadi ya matukio ndani ya wiki, wakati kwa anoreksia miongozo ya Wamarekani ya 2013 ya kutambua magonjwa ya akili inaupanga kwa uzito kulinganisha na urefu. Mi naona hiyo ya uzito ni finyu mno, mwanetu angepimwa kwa hiyo peke yake angeitwa mgonjwa wa kawaida tu. La muhimu kwenu wenye vijana wa kiume, kile chumba kilikuwa na wazazi wa wavulana pia, msidhani ni ugonjwa wa mabinti.

Nyota moja nimeitoa na siirudishi mpaka warekebishe. Kwanza barua. Wanampandisha mtoto kwenye mizani kwa mgongo asione namba, vizuri, alafu wanatuma barua kwa GP na nakala kwake nyumbani, na kwenye barua mstari wa pili kilo zimeandikwa kwa wino mzito. Aliifungua yeye kabla sijafika, wiki mbili za kazi zikaharibika ndani ya dakika moja. Nililalamika kwa maandishi, wakaomba radhi, barua iliyofuata ikaja sawa, ya baada ya hapo ikaja na namba tena. Hii ni kitu cha kubadilisha kwenye kompyuta yao tu, sioni sababu.

Pili mkalimani. Dada yangu alitakiwa aingie kwa video kutoka Tanga kwenye kikao cha familia, tuliomba mkalimani wa Kiswahili mapema, siku imefika hayupo, wakataka mwanetu atafsiri. Jamani! Mgonjwa amtafsirie mama yake mzazi maneno kuhusu ugonjwa wake mwenyewe? Nilikataa, nikatafsiri mimi, ila nilikuwa na ya kusema siku ile na sikuweza kusema kwa sababu nilikuwa mdomo wa watu wengine. Dai mkalimani kwa maandishi na uulize tena siku mbili kabla.

Tatu mpango wa chakula. Mtaalamu wa lishe ni binti mzuri sana ila karatasi ya kwanza ilikuwa tosti, jibini, nafaka za boksi, sandwichi. Kwa kichwa kinachoshika sheria, kama haijaandikwa ugali basi ugali ni haramu, na alikuwa anasema hivo kweli, "haipo kwenye karatasi mama mdogo." Nikapeleka picha za sahani zetu, wali wa nazi na maharage, ugali na dagaa, mihogo ya nazi, chapati na mchuzi, tukakaa naye akaziandika upya. Alifanya kwa moyo mmoja, ila mzazi asiyejua Kiingereza angefanyaje?

Mwanetu hajapona bado, nisiwadanganye. Vipimo vya damu vimetulia, anakula mezani na sisi siku nyingi za wiki, dukani yogati inachukua dakika chache, na siku mbaya bado zipo. Rafiki zake wanasema amerudi kucheka. Watu wetu wa mtaani nao wajifunze kunyamaza, sisi Waswahili "umenawiri" ni sifa, ila ukimwambia mgonjwa wa anoreksia umenenepa umependeza, siku hiyo chakula cha jioni kimeondoka. Mwambieni tumekumiss inatosha.

Kwa wanaotaka kufika: nenda GP, sema neno "eating disorder" kwa mdomo wako, usiseme tu mtoto hana hamu ya kula. Andika kabla mambo unayoyaona nyumbani, muda anaotumia kwenye chakula, kuzimia, baridi, hedhi kukatika, upishi wa usiku, mwambie GP ayaweke kwenye rufaa, na usikubali alama za fomu peke yake ziamue. Kwa vijana wa chini ya miaka 19 England kuna kiwango kilichowekwa, matibabu yaanze ndani ya wiki 4, na wiki 1 kama ni dharura, watajie. Kwa wa miaka 16 mpaka 25 ambao ugonjwa haujafika miaka 3, uliza kama kliniki yenu ina FREED, ni utaratibu ulioanzia hapa hapa London, unapigiwa simu ndani ya saa 48, tathmini ndani ya wiki 2, matibabu wiki 4. Wakati mnasubiri kuna shirika linaitwa Beat wanasaidia wagonjwa na familia. Akizimia, kifua kikimuuma au akawa hawezi kuinuka chini, hiyo sio ya kusubiri apointimenti, piga 999, namba ya dharura. Malipo hakuna, ni NHS, sisi tumetoa nauli tu. Risepsheni wanapokea simu asubuhi kuliko jioni.